Kupanga fleti yenye roshani pembezoni mwa Dar es Salaam: mwongozo kamili

Fleti nyingi zinazopangishwa Kimara, Mbezi, Goba, Tegeta, Kinyerezi au Kigamboni huonyeshwa Jumamosi saa 4 asubuhi. Barabara haina foleni, jua halijageukia upande wa roshani, tanki limejaa maji na baa ya jirani imefungwa. Saa hiyo karibu kila nyumba inafaa. Mpangaji anatoa kodi ya miezi 6 kwa kuona saa moja nzuri, halafu anaishi kwenye zile saa nyingine 23.

Mwongozo huu unasimama juu ya jambo hilo. Nyumba ya pembezoni mwa mji ipimwe kwenye saa zake ngumu: alfajiri ya kwenda kazini, saa 9 alasiri jua likiwa kali, usiku maji yakiwa yamekatika, na siku ya mvua. Fedha ya kodi ya nyumba ni jasho la mtu. Isiondoke mkononi kabla saa hizo hazijajibu.

Chagua barabara kwanza, fleti baadaye

Dar es Salaam imetanuka kwa kufuata barabara zake kubwa, na kila barabara ina tabia yake. Ukishajua unafanya kazi wapi, chagua barabara inayokufikisha huko, kisha ndiyo utafute nyumba kandokando yake. Wengi hufanya kinyume: wanapenda roshani Tegeta wakati ofisi ipo Gongo la Mboto, na baada ya miezi miwili wanaanza kutafuta pa kuhamia.

Barabara ya Morogoro ina mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza Mei 2016 kutoka Kimara kwenda Kivukoni, Gerezani na Morocco. Kwa mfanyakazi wa Posta au Kariakoo hiyo ni faida kubwa, kwa kuwa basi lina njia yake na halisimami kwenye foleni ya magari. Ila pima na foleni ya abiria pale Kimara asubuhi, maana dakika unazookoa barabarani unaweza kuzipoteza ukiwa umesimama kituoni. Anayekaa Mbezi, Makabe au Kibamba aongeze na muda wa kuunganisha. Halafu kuna Jangwani: mvua kubwa zikinyesha, bonde la Msimbazi hufurika na barabara hufungwa. Uwe na njia ya pili kichwani, na uijue nauli yake.

Kigamboni ina njia kuu mbili za kuingia mjini: kivuko cha Magogoni na Daraja la Nyerere, lililofunguliwa Aprili 2016. Kivuko kikipata hitilafu, watu wote huelekea darajani. Ukiwa na gari, uliza tozo ya daraja na uiweke kwenye hesabu ya mwezi. Upande wa Pugu na Gongo la Mboto kuna treni ya mjini. Inakwepa foleni, lakini ina saa zake maalumu, kwa hiyo inamfaa mwenye saa za kazi zisizobadilika.

Baada ya kuchagua barabara, fanya jaribio moja kabla hujaongea na dalali yeyote. Jumatatu, fika kituo cha eneo unalolitaka saa 11:30 alfajiri, panda gari kama mkazi wa pale, uende mpaka mlango wa ofisi yako. Jioni rudi kwa njia hiyohiyo ukitoka saa 11. Andika muda wa kila kipande: kusubiri, kusafiri, kuunganisha, kutembea. Jumatatu inatosha kukuonyesha hali halisi, Jumamosi itakudanganya.

Tafuta pango halisi

Bei ya dalali siyo bei ya kuishi pale. Chukua mfano huu, ubadilishe tarakimu kwa hali yako.

Fleti ya kwanza ni ya sh 400,000 kwa mwezi, ila iko ndani, na kutoka lami unahitaji bodaboda. Tuseme bodaboda ni sh 1,000 na gari ni sh 1,000, kwenda na kurudi inakuwa sh 4,000 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni sh 104,000. Kama mnafanya kazi wawili, ni sh 208,000. Pango lenu halisi ni sh 608,000.

Fleti ya pili ni ya sh 500,000, karibu na kituo, mnatembea kwa miguu. Nauli ya gari peke yake kwa watu wawili ni sh 104,000. Jumla sh 604,000. Ile iliyoonekana ghali imekuwa nafuu kidogo, na bado hujahesabu siku za mvua ambapo bodaboda wa Goba au Msakuzi anapandisha nauli kwa sababu ya utelezi wa vilima vile, wala hujahesabu usalama wa binti anayerudi saa 3 usiku.

Kwa hiyo dalali akisema "dakika 5 tu kutoka kituoni", muulize papo hapo: kwa miguu au kwa boda? Kisha tembea mwenyewe ukiangalia saa.

Weka pia fedha ya kuingilia. Kwa pango la sh 400,000, miezi 6 ni sh 2,400,000. Ada ya dalali kwa desturi ya mji huu ni kodi ya mwezi mmoja, sh 400,000. Umefikia sh 2,800,000 kabla ya gari la kuhamisha vyombo, pazia, na pengine dhamana ya uharibifu, ambayo baadhi ya wenye fleti hudai. Ukiwa na sh 2,400,000 kamili mfukoni, fleti ya 400,000 bado haijawa yako. Tafuta ya 330,000.

Kufanya kazi na dalali

Dalali mzuri ni msaada mkubwa. Anajua nani anahama mwisho wa mwezi, mwenye nyumba yupi ni msumbufu, kisima kipi kina chumvi. Mpe maelezo yaliyonyooka: eneo, bei ya juu kabisa, vyumba, masta (chumba chenye choo na bafu ndani) au bila masta, roshani, umeme wa kujitegemea, maegesho kama una gari. Ukisema "nitafutie tu nyumba nzuri" utazungushwa mji mzima, na kila safari unalipia usafiri na hela ya kuonyeshwa.

Kabla ya kwenda, kubalianeni kwa ujumbe wa maandishi: hela ya kuonyeshwa ni kiasi gani, inahusu nyumba ngapi, na ada yake italipwa lini. Jibu sahihi la swali la mwisho ni moja: baada ya mkataba kusainiwa na funguo kuwa mkononi mwako. Dalali anayetaka "ya kushikia nyumba" kabla hujamwona mwenye nyumba, mwache aende. Utapeli wa kawaida ni kuonyesha nyumba ambayo ufunguo wake umeazimwa kwa mlinzi au kwa mpangaji anayehama, kisha watu kadhaa wanalipia fleti hiyohiyo kwa siku moja. Kauli ya "kuna mtu anakuja kulipa jioni" haipaswi kukupa haraka yoyote. Nyumba zipo.

Roshani: ikague kama chumba

Watu hulipia zaidi kwa ajili ya roshani, kisha wanaiangalia kwa sekunde kumi, wanapiga picha na kuingia ndani. Roshani ni sehemu ya kupumulia, ya kuanika, ya kuweka mtungi wa gesi, ya mtoto kuchungulia dunia. Vilevile ndiyo mlango wa joto, mvua na mwizi.

Anza na uelekeo, kwa sababu huo huwezi kuubadilisha. Tumia dira ya simu, au angalia msikiti wa mtaa: kibla cha Dar es Salaam kiko karibu kaskazini kabisa, kwa hiyo upande wa mihrabu ndio kaskazini.

Roshani inayotazama magharibi ndiyo ngumu kuliko zote. Mwaka mzima jua la mchana linaipiga mpaka machweo, zege linakunywa joto na kulitoa usiku wakati mnataka kulala. Kama sebule inafunguka huko na hakuna mti wala jengo la kukinga, tegemea feni kuwaka usiku kucha au kununua kiyoyozi.

Mashariki ni afadhali. Jua ni la asubuhi, nguo zinakauka mapema, na mchana pana kivuli.

Kaskazini na kaskazini-mashariki ndio upande ninaoupendekeza, na sababu yake ni ya kijiografia. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Kuanzia Oktoba mpaka mwanzoni mwa Machi, jua la saa 6 mchana linapita upande wa kusini, na hiyo ndiyo miezi ya joto kali. Roshani ya kaskazini inakuwa kivulini saa hizo. Wakati huohuo kuanzia Desemba upepo wa kaskazi unavuma kutoka kaskazini-mashariki, unaingia moja kwa moja. Juni na Julai jua linahamia kaskazini na kuingia ndani zaidi, lakini hapo hali ya hewa ni ya baridi kidogo na jua lile ni neema. Roshani ya kusini mambo yake ni kinyume: inapata upepo wa kusi katikati ya mwaka, ila mvua za masika zinazosukumwa na upepo huo zinaweza kuingia mpaka kwenye kochi.

Rudi kwenye nyumba siku ya jua saa 9 alasiri. Simama kwenye roshani dakika kumi, kisha weka kiganja kwenye ukuta wa ndani unaopakana nayo. Kama ukuta ni wa moto saa hiyo, usiku utakuwa vilevile.

Baada ya uelekeo, angalia maji. Omba ndoo moja, mwaga sakafuni. Maji yakimbilie kwenye tundu la kutolea, yasikimbilie mlango wa sebule. Sakafu ya roshani inatakiwa iwe chini kidogo kuliko ya ndani, au pawe na kizingiti. Tazama dari ya roshani: madoa ya njano na rangi iliyobanduka maana yake roshani ya juu inavujisha. Ukiona nyufa ndefu kwenye kona inayoshikana na jengo, au nondo zenye kutu zimechomoza kwenye zege, usiulize punguzo la bei. Ondoka.

Ukingo ni suala la uhai. Ufike kifuani kwa mtu mzima, usipungue mita moja, na nafasi kati ya chuma na chuma isizidi sentimita 10 ili kichwa cha mtoto kisipenye. Vyuma vilivyolazwa kama ngazi vinapendeza kwenye picha, lakini mtoto wa miaka mitatu anavipanda. Mwenye watoto atafute vyuma vilivyosimama wima au ukuta. Utikise ukingo kwa nguvu zako zote mbele ya mwenye nyumba. Ukingo usiyumbe wala kutoa mlio.

Kuhusu grili, ghorofa ya kwanza na ya pili zinaihitaji, hasa kama kuna ukuta wa fensi au paa la jirani ambalo mtu anaweza kulikanyaga. Lakini roshani iliyofungwa grili nzima bila mlango wenye kufuli la ndani ni mtego moto ukitokea. Omba kipande kinachofunguka, na ufunguo wake ukae mahali ambapo kila mkubwa wa nyumba anapajua.

Mtungi wa gesi ukikaa roshani ni vizuri kuliko jikoni pasipo na hewa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inashuka chini, hivyo mtungi usikae karibu na tundu la maji wala juani, na bomba lake lisibanwe na mlango. Jiko la mkaa ni habari nyingine. Moshi wake unapanda kwa jirani wa juu, na baadhi ya fleti wamelipiga marufuku. Kama nyumbani kwako maharage na makande hayapikwi ila kwa mkaa, uliza mapema.

Uliza pia kuhusu kamba za nguo. Baadhi ya wenye fleti hawataki nguo zionekane mbele, na hawakuambii mpaka uwe umeshalipa. Uliza kama juu ya paa kuna sehemu ya kuanikia. Uliza mahali pa kufunga dishi na mashine ya nje ya kiyoyozi. Halafu angalia kinachotazamana nawe: roshani ya jirani mita tatu mbele ina maana pazia litakuwa limefungwa siku zote, na mama au dada wa nyumba hatakaa pale kwa amani. Chungulia chini. Kama shimo la maji taka liko chini ya roshani yako, harufu itapanda kila mvua ikinyesha.

Maji, umeme na choo

Swali la "maji yapo?" halina maana, maana litajibiwa "yapo" kila mara. Uliza hivi: maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya mji, yanatoka siku zipi za wiki? Tanki la jengo lina lita ngapi na linahudumia fleti ngapi? Maji yakikatika, boza (gari la kuleta maji) linalipiwa na nani? Gawanya lita za tanki kwa idadi ya kaya. Tanki la lita 5,000 kwa fleti 8 ni lita 625 kwa kila kaya, na familia ya watu watano inaweza kuyamaliza kwa siku mbili au tatu.

Eneo lina uzito wake. Maji ya mtambo wa Ruvu Juu yanakuja na njia ya Kibaha, Mbezi na Kimara. Ya Ruvu Chini yanapita upande wa Bunju, Tegeta na Mbezi Beach. Mitambo yote miwili inategemea mto mmoja, na mto ukipungua, kama ilivyotokea mwishoni mwa 2022, sehemu kubwa ya mji inaingia kwenye mgawo. Jengo lenye kisima linakuokoa, ila onja maji yake. Visima vingi vya mji huu vina chumvi: vinafaa kuoshea, haviondoi kiu, na vinakula hita na mabomba.

Fleti ya juu kabisa ina tatizo la presha. Tanki likiwa juu ya paa, mita mbili tu kutoka kwenye bomba lako la kuogea, maji yatachuruzika. Fungua bomba la bafuni na la jikoni kwa pamoja, uone. Fungua maji ya choo mara mbili mfululizo.

Umeme uwe wa mita yako mwenyewe. Mita ya kuchangia ni chanzo cha ugomvi, na inakupotezea unafuu: wateja wadogo wa majumbani wanaotumia si zaidi ya uniti 75 kwa mwezi wana bei ya chini sana kwa TANESCO, lakini kaya mbili kwenye mita moja zinavuka kiwango hicho. Jaribio lake ni rahisi. Nunua LUKU (umeme wa kulipia kabla) kidogo kwa namba ya mita ya fleti hiyo, uingize. Ujumbe wa tokeni utakuonyesha uniti na makato. Kama kwa sh 10,000 unapata uniti 28 hivi, uko kwenye bei ya kawaida. Makato ya deni yakionekana, yalipwe kabla hujaingia. Kisha zima swichi kubwa, umuulize jirani kama kwake umezimika.

Ndani ya LUKU kuna jambo linalowaumiza wapangaji wengi kimya kimya. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia umeme. Ilianza na sh 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na sh 5,000 kwa kila ghorofa, kisha viwango vikapanda. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Kama inakatwa kwenye mita unayoinunulia wewe, hifadhi ujumbe wa kila mwezi na muandike kwenye mkataba kwamba utaipunguza kwenye kodi ya nyumba.

Maji taka: uliza shimo limenyonywa lini, na gari la kunyonya linalipwa na nani. Uliza pia hela ya taka na ya mlinzi, halafu uzijumlishe kwenye lile pango halisi.

Waulize wanaoishi pale

Nenda tena jioni, bila dalali. Piga hodi fleti ya jirani au ongea na mama anayeuza mboga getini. Salamu kwanza, kisha jitambulishe: "Shikamoo mama. Nataka kuhamia pale ghorofa ya pili, naomba uniambie ukweli wa maji na usalama." Watu wa Dar wakiulizwa kwa heshima husema. Swali lenye thamani kuliko yote ni hili: aliyekuwa anakaa pale alihama kwa nini?

Sikiliza usiku wa Ijumaa. Baa, ukumbi wa sherehe, mkesha, karakana ya kuchomelea. Kelele isiyokusumbua wewe inaweza kumnyima usingizi mtoto mchanga.

Kisha nenda ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti au mtendaji anajua jengo ni la nani, kama lina kesi ya mirathi, na kama liko kwenye hifadhi ya barabara. Kandokando ya Barabara ya Morogoro hili si jambo la kudhania: 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa kwa kuwa ndani ya hifadhi. Ukiona alama ya X, ya nyumba ya kubomolewa, kwenye ukuta, hata kama imepakwa rangi juu yake, uliza.

Mwenye nyumba akuonyeshe kitambulisho chake na waraka wowote wa umiliki: hati, leseni ya makazi au mkataba wa mauziano. Jina lilingane na la atakayesaini na la akaunti utakayolipia. Akisaini mwakilishi, awe na barua ya kumpa mamlaka. Mwenye nyumba mwaminifu haoni ubaya kuulizwa hayo.

Kujadiliana

Sheria ya zamani iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba ilifutwa 2005, kwa hiyo bei na idadi ya miezi ni makubaliano yenu. Miezi 6 ni mazoea, na mazoea yanazungumzika, hasa fleti ikiwa imekaa wazi.

Ongea na mwenyewe uso kwa uso, na uje na jambo mahususi. "Mama, nyumba nimeipenda, na mimi ni mtu wa kukaa muda mrefu. Naomba tuanze na miezi mitatu, halafu nitakuwa nakulipa kila miezi mitatu kabla ya tarehe." Au: "Mzee, bei sina ugomvi nayo, ila naomba ukingo wa roshani uchomelewe upya na nyavu za mbu ziwekwe kabla sijaingia." Mara nyingi ni rahisi kupata ukarabati kuliko punguzo. Unachoahidiwa kifanyike kabla ya kulipa, au kiandikwe kwenye mkataba na tarehe yake.

Mkataba

Usiridhike na ile karatasi moja ya kununua dukani. Mkataba utaje majina na namba za vitambulisho vya wote wawili, fleti ipi na ghorofa ya ngapi, roshani na maegesho kuwa sehemu ya upangaji, kiasi cha kodi na kipindi chake, tarehe ya kuanza na kuisha, dhamana na sharti la kuirudisha. Kisha mambo yanayoleta kesi, kila moja kwa sentensi yake:

- kodi haitapandishwa ndani ya muda wa mkataba, na taarifa ya kupandisha itolewe kwa maandishi walau miezi miwili kabla;
- bomba, paa, nyaya na ukingo wa roshani hutengenezwa na mwenye nyumba; balbu, koki na vitasa ni vya mpangaji;
- ukilazimika kutengeneza la mwenye nyumba, utapunguza kwenye kodi kwa kuonyesha risiti;
- kodi ya majengo na kodi ya serikali ya asilimia 10 inayotozwa kwenye pango ni mzigo wa mwenye nyumba;
- mwenye nyumba haingii ndani bila taarifa;
- kila upande ukitaka kuvunja mkataba, notisi ni ya muda gani, na kodi iliyobaki inarudishwaje.

Hilo la mwisho ndilo husahauliwa, na ndilo linalogharimu. Mtu anahamishiwa kazi Dodoma baada ya miezi miwili, kodi ya miezi minne inapotea kwa sababu mkataba ulinyamaza.

Saini mbele ya mashahidi, ama ofisi ya serikali ya mtaa au kwa wakili. Lipia ushuru wa stempu TRA, ambao ni asilimia 1 ya pango la mwaka. Kwa fleti ya sh 400,000 ni sh 48,000. Mkataba usio na stempu unaweza kukataliwa kama ushahidi mahakamani mpaka ulipiwe. Pesa zipite benki au kwa simu ili zibaki na kumbukumbu. Ukilipa taslimu, risiti isainiwe hapohapo.

Mgogoro ukitokea, anzia serikali ya mtaa, kisha Baraza la Kata linalopatanisha. Pasipo suluhu, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kufungiwa mlango kwa kufuli au kutolewa vyombo nje bila amri ni jambo la kuripoti, hata kama unadaiwa.

Siku ya kuhamia, na siku ya kuondoka

Kabla kochi halijaingia, piga video ya kila chumba, kila koki, kila ufa, na roshani yote pamoja na ukingo wake. Soma mita ya maji na ya umeme mbele ya mwenye nyumba. Mtumie video na tarakimu hizo WhatsApp siku hiyohiyo, zikae na tarehe. Badilisha kitasa cha mlango mkubwa, kwa kuwa hujui aliyekutangulia alichonga funguo ngapi.

Wiki ya kwanza jitambulishe kwa mjumbe na majirani wa ngazi yako. Uwe na namba ya mlinzi, ya fundi bomba wa pale na ya dereva mmoja wa bajaji unayemwamini. Mvua ya kwanza ikinyesha, zunguka na tochi uangalie dari, madirisha na mlango wa roshani. Kinachovuja, mwandikie mwenye nyumba usiku huohuo ukiambatanisha picha.

Miezi miwili kabla mkataba haujaisha, mwulize kuhusu kodi mpya, usisubiri akuite. Ukiamua kuhama, toa notisi ya maandishi, lipa bili za maji na taka, chukua risiti zake, kisha ombeni siku moja ya kuikagua nyumba pamoja mkiwa na ile video ya siku ya kwanza. Dhamana ihesabiwe palepale. Funguo zitoke mkononi mwako baada ya fedha kuingia.